Deni au Dhuluma? Siku Gari Letu Lilipofungwa Kitui

Baada ya Idi kwisha tuliondoka Mombasa alfajiri, akina mama wanne na watoto watatu, kwenda kumpa hongera mdogo wetu aliyejifungua mjini Kitui. Tulipita Voi na Mtito Andei, na tulipofika Kibwezi tukaiacha barabara kuu ya Nairobi, tukakata kulia kupitia Ikutha na Mutomo. Mjini tuliliegesha gari katika kiwanja kilichokuwa wazi kando ya maduka, tukanunua mahitaji ya mzazi, tukasali Adhuhuri, kisha tukarudi. Gurudumu la mbele lilikuwa limefungwa kwa kile chuma cha njano ambacho watu hukiita klampu.

“Mama, hapa ni mahali pa mtu,” askari wa zamu alituambia kwa adabu. “Faini ni shilingi elfu mbili.”

Mmoja wetu alikwisha kutoa simu ili alipe, yaishe. Mwingine aliapa kwamba hatatoa hata ndururu. Shangazi yetu, ambaye ndiye mkubwa wa safari, akatunyamazisha wote wawili. “Tujue kwanza,” alisema, “kama hili ni deni au ni dhuluma. Deni hulipwa. Dhuluma haiwi deni kwa sababu sisi tuna haraka.”

Maneno hayo yana mizizi katika dini yetu. Aya ya kwanza ya Surat Al-Maida inawaamuru waumini watimize mikataba yao, na katika Surat Al-Baqara, aya ya 188, Mwenyezi Mungu anatukataza kuliana mali kwa batili. Amri zote mbili zinamhusu mwenye gari, na zote mbili zinamhusu mwenye kiwanja. Basi tuliketi kivulini tukajiuliza maswali matatu, ambayo twayaandika hapa kwa faida ya kila familia inayosafiri.

Swali la kwanza ni hili: ardhi ni ya nani? Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi ya kusimamia uegeshaji. Ada ya kando ya barabara huwekwa na sheria ya fedha iliyopitishwa na bunge la kaunti, na Ibara ya 210 inasema kwamba hakuna kodi wala ada ya leseni itakayotozwa pasipo sheria. Lakini kiwanja cha mtu binafsi hakitozi kodi. Haki ya mwenyewe hutokana na mapatano baina yake na anayeingia, au na hasara aliyotiwa. Faini ni adhabu ya sheria. Mtu binafsi hawezi kujitungia yake kwa kulitamka tu neno hilo.

La pili: tuliambiwa nini tulipoingia? Bango lililo langoni, linalosomeka kabla ya gari kuzimwa, ni maneno ya mkataba, na anayeegesha baada ya kulisoma amekubali. Tulilitafuta la kiwanja kile. Lilikuwa nyuma ya kibanda, limeipa lango mgongo, nalo lilitaja shilingi 100 kwa siku. Elfu mbili haikuandikwa popote.

La tatu: je, kiasi kinalingana na jambo lenyewe? Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, imeegemea misingi ya sheria ya Uingereza, kwa hiyo mifano ya huko ina mafunzo ingawa haiwafungi mahakimu wetu. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya mtu aliyepitisha muda wa saa mbili katika maegesho ya maduka mjini Chelmsford, akadaiwa pauni 85. Alishindwa, na moja ya sababu ni kwamba mabango yalikuwa makubwa na mengi. Upande wa pili, mahakama ya Scotland iliamua mwaka 1992 kwamba kulifunga gari kwenye ardhi binafsi mpaka mwenyewe alipe kunaweza kuwa kosa la jinai. England nayo ilipiga marufuku jambo hilo kwa sheria ya mwaka 2012. Kudai ni jambo moja, kushika mali ya mtu rehani ni jambo jingine.

Tulimwambia askari kwamba shilingi 100 ni haki yao na tunailipa papo hapo, kwani tulikitumia kiwanja. Kwa hiyo elfu mbili, tuliomba kuonyeshwa maandishi. Alimpigia simu tajiri wake, naye akashikilia maneno yake. Alasiri ilikuwa imeingia, watoto wamechoka, mzazi anatungoja. Hatukugombana na kijana yule, maana yeye ni mwajiriwa tu. Tulilipa elfu mbili kwa simu, tukadai risiti yenye jina la mwenye kiwanja, na juu yake tukaandika kwamba tumelipa kwa pingamizi ili gari lifunguliwe. Tukapiga picha za lango, bango na klampu.

Kesho yake tuliandika barua ya ukurasa mmoja, bila tusi wala kitisho. Tulieleza tulichokiona, tukaomba turudishiwe shilingi 1,900, tukataja kwamba Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 inamruhusu mtu kujiwakilisha mwenyewe katika madai yasiyozidi shilingi milioni moja.

Siku tatu baadaye, tukiwa njiani kurudi, tulisimama kula Kibwezi, katika kaunti ya Makueni. Bango la langoni lilikuwa kubwa na wazi: saa ya kwanza bure kwa wateja, ikizidi shilingi 50. Watoto walichelewa kumaliza chakula, tukakaa karibu saa mbili. Tulipotoka, lango lilikuwa wazi na hapakuwa na mtu. Yule aliyeapa Kitui kwamba hatoi hata ndururu akawasha gari.

“Zima,” shangazi alisema. “Hapa tulisoma tukakubali. Hii ni deni.”

Mmoja wetu alishuka kumtafuta mlinzi, akamkuta nyuma ya mkahawa akinywa chai, akamkabidhi shilingi 50 zake. Alitutazama kwa mshangao, akashukuru.

Siku ya tisa tangu tuandike barua, shilingi 1,900 ziliingia kwenye simu yetu, pasipo neno lolote. Tulimjibu mwenye kiwanja kwa kumshukuru, na kumwomba aligeuze bango lake lielekee lango.