Matumbawe Laini Yanapotaka Kutawala Tangi (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza maandalizi ya tangi la maji ya bahari: chumvi, mwanga na mzunguko wa maji. Leo ni zamu ya tatizo linalowakuta wafugaji wengi tangi likishatulia, nalo ni matumbawe laini yanayoenea kupita kiasi.

Zenia ndiyo inayowavutia wengi. Vidole vya polipu zake hufumba na kufumbua bila kuchoka. Mwaka 2013 watafiti wa Israeli waliochunguza jamaa yake wa Bahari ya Shamu, Heteroxenia fuscescens, walionyesha faida ya kupwita huko. Maji yanayozunguka polipu huchanganyika, oksijeni iliyojikusanya huondolewa, na mwani mdogo unaoishi ndani ya tumbawe hutengeneza chakula kwa kasi zaidi. Kwa kuwa zenia haijengi mifupa mikubwa ya chokaa, hukua haraka. Shina moja hugawanyika kuwa mawili, kisha hujisogeza polepole hadi jiwe la jirani.

Polipu za nyota za kijani zina njia nyingine. Chini yake kuna ngozi ya zambarau inayotandaa kama mkeka juu ya mawe na hata juu ya kioo. Ikilifikia tumbawe gumu lisiloweza kujitetea, hulifunika.

Kazi ya kuzuia huanza siku tumbawe linapoingia tangini. Jiwe lake liwekwe peke yake juu ya mchanga, mbali na mwamba mkuu na kioo. Mchanga mtupu ni mpaka mzuri, maana ngozi hiyo hutaka kitu kigumu cha kushikamana nacho. Kingo zikaguliwe kila maji yanapobadilishwa, na chakula cha samaki kisizidishwe.

Yakishavuka mpaka, jiwe litolewe nje ikiwezekana. Ncha ya kisu ikipitishwa chini ya ukingo wa ngozi ya zambarau, ngozi hubanduka vipande vikubwa. Mabaki husuguliwa kwa brashi ngumu. Zenia ikatwe pamoja na kipande cha jiwe, kwa sababu kikonyo kinachobaki huota upya. Jiwe lisipoweza kutoka, pampu zizimwe na mdomo wa mpira wa kunyonya maji ushikwe kando ya kisu, ili vipande visielee na kushika kwingine. Kazi ikiisha, baadhi ya maji yabadilishwe na mkaa wa kuchujia uwekwe, kwani matumbawe laini yaliyojeruhiwa humwaga kemikali zinazowadhuru majirani.

Zoanthi wanahitaji tahadhari ya pekee. Si matumbawe laini halisi, ingawa huenea vivyo hivyo, na baadhi ya jamaa zao wa Palythoa wana palitoksini, sumu kali ambayo Richard Moore na Paul Scheuer waliitenga Hawaii mwaka 1971. Wafugaji wamewahi kulazwa hospitali baada ya kuvuta mvuke wa mawe waliyoyachemsha. Mawe hayo yasichemshwe kamwe wala kumwagiwa maji ya moto, na anayeyashika avae glavu na miwani ya kinga.

Linabaki swali la kilichokatwa. Venezuela imelipa gharama kubwa kwa swali hilo. Unomia stolonifera, tumbawe laini lenye asili ya bahari za Asia, linaaminika kuingia huko kupitia biashara ya matangi, na sasa limefunika miamba na nyasi za bahari katika Hifadhi ya Taifa ya Mochima. Wanasayansi walithibitisha jina lake mwaka 2021, likiwa tayari limeenea.

Kwa hiyo kipande chochote, hata cha ukubwa wa punje, kisirudishwe baharini wala kumwagwa mtaroni. Kikaushwe kabisa juani, mbali na watoto na wanyama, kifungwe kwenye mfuko na kutupwa na taka. Maji yaliyobaki ndooni yatiwe dawa ya klorini na kuachwa kwa saa kadhaa kabla ya kumwagwa.

Wiki ijayo: anemoni waharibifu wanaoingia tangini wakiwa wamejificha ndani ya mawe.