KITI KIMOJA, WATU WAWILI: Kabla hujasema ‘toa huyo!’ jiulize maswali haya matatu

Unaijua hiyo hali. Timu yako imefungwa mabao mawili ya kizembe, kipa ameuacha mpira ukampita katikati ya miguu, na kabla hata refa hajapuliza kipenga cha mwisho, grupu la WhatsApp limewaka moto. “Toa huyo!” “Amechoma tena!” “Yule wa benchi anangojea nini?” Mmoja akijaribu kumtetea, watano wanamrukia. Ikifika saa nne usiku unakuta hamwongei na msee mliyesoma naye tangu darasa la kwanza.

Sasa chukua ubishi huo, uuzidishe mara kumi, kisha uuweke Marekani. Hapo ndipo utaelewa makelele ya kumbadilisha kwotabeki.

Kama hujawahi kuutazama mchezo wao, ngoja nikupe picha ya haraka. Hii si soka yetu. Ni ule mchezo wa helmeti na mabega yaliyovimba, ambao Mkenya Daniel Adongo aliuingia mwaka 2013 akitokea kwenye raga, aliposajiliwa na klabu ya Indianapolis Colts. Kila upande huwa na wachezaji 11 uwanjani. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira karibu kila shambulio linapoanza, na ana sekunde chache tu za kuamua: arushe pasi, ampe mwenzake akimbie nao, au atimue mbio mwenyewe kabla majitu ya upande wa pili hayajamlalia.

Mawinga unaweza kuwa nao wawili, mabeki wanne. Kwotabeki ni mmoja, kama kipa. Wa pili akiingia, wa kwanza lazima aketi. Ndiyo maana mashabiki wa mchezo huo wanaweza kubishana juu ya mtu mmoja kutoka Jumatatu hadi Jumamosi bila kuchoka.

Mimi sina shida na kumtoa mtu. Shida yangu ni kwamba wengi wetu tunamtoa kwa hasira ya mechi moja. Yapo maswali matatu ya kujiuliza kwanza, na historia ya mchezo huo imetupa visa vya kutosha vya kuyajibu.

Swali la kwanza: Aliye benchi yuko tayari, ama umechoshwa tu na aliye uwanjani?

Twende New England, mwaka 2001. Kwotabeki wa Patriots alikuwa Drew Bledsoe, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa kati ya chipukizi wote wa mwaka 1993. Machi 2001 alitia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya dola milioni 103. Mtu kama huyo nani atamgusa?

Septemba 23 mwaka huo, Mo Lewis wa New York Jets alimgonga Bledsoe karibu na mstari wa pembeni hadi mshipa wa damu ukapasuka ndani ya kifua. Akakimbizwa hospitalini. Aliyeingia ni kijana aliyekuwa amechaguliwa wa 199 mwaka mmoja nyuma, ambaye msimu wake wa kwanza wote alirusha pasi tatu tu. Jina lake Tom Brady.

Hadi hapo hakuna ubishi, kwa sababu mwenye kiti ni mgonjwa. Ubishi ulizuka Novemba, Bledsoe alipopona. Mkufunzi Bill Belichick akawa na wawili wazima na kiti kimoja. Novemba 18 Brady akaanzishwa dhidi ya St. Louis Rams, wakapoteza 24-17. Kama ni grupu letu la WhatsApp, si kijana angerudishwa benchi usiku huo huo?

Belichick alifanya kinyume. Wiki hiyo hiyo alitangaza kwamba Brady ndiye wake mpaka mwisho wa msimu. Hakuangalia mechi moja. Aliangalia karibu miezi miwili ya kazi ya huyo kijana, mazoezini na uwanjani. Patriots hawakupoteza tena msimu huo. Februari 3, 2002 waliwapiga Rams wale wale 20-17 kwenye Super Bowl kwa teke la sekunde ya mwisho.

Na usimsahau mzee wa kiti. Katika nusu fainali dhidi ya Pittsburgh Steelers, Brady aliumia kifundo cha mguu. Bledsoe, aliyekuwa amekaa benchi akimeza uchungu kwa miezi miwili, aliingia, akarusha pasi ya kufunga, timu ikashinda 24-17. Wiki iliyofuata kiti kilirudi kwa Brady. Aprili, Bledsoe akauzwa kwa Buffalo Bills. Mgala muue, na haki yake umpe: bila Bledsoe, kombe lile la kwanza la Brady pengine lisingekuwepo.

Swali la pili: Kosa ni lake peke yake, ama nyumba nzima inavuja?

Hapa ndipo tunapokosea sana. Kwotabeki ana walinzi watano wanaosimama mbele yake kama ukuta. Ukuta ukiwa na mashimo, hata malaika hawezi kurusha pasi. Wale wa kudaka nao wakiwa hospitalini, atamrushia nani? Lakini kamera inamwangalia nani? Yeye. Ni kama kipa anayeachwa peke yake na washambuliaji watatu halafu tunauliza kwa nini hakuokoa.

New York Giants walilipia kosa hilo mwaka 2017. Timu ilikuwa imeshinda mechi mbili tu na kupoteza tisa. Nyota wao wa kudaka pasi, Odell Beckham Jr., alikuwa amevunjika kifundo cha mguu Oktoba. Pamoja na hayo, mkufunzi Ben McAdoo aliamua wa kuondoka ni Eli Manning, mtu aliyewaletea makombe mawili ya Super Bowl na aliyekuwa ameanza mechi 210 za ligi mfululizo tangu 2004.

Walijaribu hata kumpoza: aanze mechi ili rekodi isikatike, kisha atolewe baadaye. Manning alikataa. Kuanzishwa kwa huruma ili namba iendelee kusoma kulikuwa na maana gani? Akaketi. Geno Smith akacheza Desemba 3, na Giants wakapoteza 24-17 kwa Oakland Raiders. Kesho yake mkufunzi na meneja mkuu wote wawili wakapigwa kalamu, na wikendi iliyofuata Manning alikuwa amerudi kwenye kiti chake.

Unaona? Walibadilisha tairi la gari ambalo injini ndiyo iliyokufa. Lakini hapa kuna funzo la pili. Mwaka 2019 Manning huyo huyo alitolewa tena baada ya kupoteza mechi mbili za mwanzo, nafasi ikaenda kwa Daniel Jones, chipukizi ambaye klabu ilimchagua mwaka huo ikijua anakuja kurithi. Safari hii hapakuwa na vurugu kama zile. Mtu ni yule yule na klabu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba sasa kulikuwa na mpango.

Swali la tatu: Ukimtoa sasa, unawafundisha nini wengine?

Hili ndilo swali linaloninyima raha.

Novemba 2012, Alex Smith wa San Francisco 49ers alipata mtikisiko wa ubongo kwenye mechi dhidi ya Rams. Hakuwa anacheza vibaya. Msimu huo pasi saba kati ya kila kumi alizorusha zilikuwa zimefika, na timu ilikuwa kwenye mstari wa kuongoza. Alifuata utaratibu, akapumzika. Colin Kaepernick akachukua nafasi na kuwabomoa Chicago Bears 32-7. Smith alipopona, kiti kilikuwa na mwenyewe mpya. Mkufunzi Jim Harbaugh alibaki na Kaepernick, wakafika Super Bowl, wakapoteza 34-31 kwa Baltimore Ravens. Smith mwenyewe alisema wazi kwamba kosa pekee alilohisi amefanya ni kuumia kichwa.

Sasa jiweke katika viatu vya mchezaji mwingine aliyekuwa akitazama hayo. Wiki ijayo unagongwa, unaona taa mbilimbili. Utamwambia daktari? Ama utasema “niko sawa, boss” ukijua kwamba ukiketi leo, kesho huna kazi?

Naelewa hofu hiyo. Nilipokuwa nadakia timu ya mtaa wetu, nilivunjika kidole cha mkono wa kushoto kwenye mazoezi ya Jumatano. Nilikifunga pamoja na kingine kwa plasta, nikavaa glavu, nikanyamaza. Kulikuwa na kijana mrefu wa kidato cha tatu aliyekuwa akinipigia hesabu. Jumamosi nilifungwa manne, mawili yakipitia upande wa mkono huo huo. Timu ikalia, kijana akachukua kiti, na mpaka leo kidole hicho hakinyooki. Kama ningesema Jumatano, huenda kiti kingeenda pia. Lakini kidole kingebaki, na wenzangu hawangefungwa manne.

Utaniuliza: mbona unamsifu Belichick wa 2001 halafu unamlaumu Harbaugh wa 2012? Si wote walimpa kijana kiti cha mtu aliyeumia? Ni ukweli, na sina jibu la kuridhisha kila mtu. Kama Belichick angeapa kwamba kiti cha mgonjwa hakiguswi, Brady angerudi benchi na pengine tusingemjua. Nisemalo ni hili: kiti hakiwezi kuwa cha mtu milele, ila aliyeumia anastahili nafasi ya kukipigania akiwa mzima, mbele ya macho ya wote. Akikosa, ajue ni kwa sababu kuna aliyemzidi. Asibaki akidhani aliadhibiwa kwa kumwambia daktari ukweli.

Na wewe uliyetolewa?

Tumeongea sana juu ya anayeshika kisu. Je, kama wewe ndiwe unayekatwa?

Januari 8, 2018, fainali ya vyuo vikuu kule Atlanta. Alabama wako nyuma 13-0 dhidi ya Georgia wakati wa mapumziko. Mkufunzi Nick Saban anamketisha Jalen Hurts, kijana wa miaka 19 ambaye timu ilikuwa imepoteza mechi mbili tu akianzishwa katika misimu miwili. Anamwingiza Tua Tagovailoa wa mwaka wa kwanza. Alabama wanashinda 26-23 kwenye muda wa ziada. Taifa zima limekuona ukitolewa, na limeona kutolewa kwako kukizaa matunda. Kuna aibu kubwa kuliko hiyo?

Hurts hakununa. Hakuhama chuo msimu huo, ingawa kila mtu alidhani angehama. Desemba 1 mwaka huo huo, kwenye uwanja ule ule, dhidi ya Georgia wale wale, Tua aliumia timu ikiwa nyuma. Hurts akatoka benchi, wakashinda 35-28. Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Oklahoma, kisha 2020 akachaguliwa na Philadelphia Eagles, wa 53, na kuanza tena kama msaidizi. Februari 9, 2025 aliongoza Eagles kuwachapa Kansas City Chiefs 40-22 kwenye Super Bowl, na akatajwa mchezaji bora wa mechi. Kutangulia si kufika.

Alex Smith naye? Alienda Kansas City, na mwaka 2017 klabu hiyo ikamchagua kijana wa kumrithi, Patrick Mahomes. Smith angeweza kumbania. Badala yake alimfundisha kazi kwa msimu mzima, huku yeye mwenyewe akicheza moja ya misimu yake bora zaidi, kisha akaondoka. Yaliyofuata na Mahomes unayajua.

Basi, tumtoe au tumwache?

Kama aliye benchi amethibitisha kwa zaidi ya mechi moja, kama ukuta uko sawa na tatizo bado liko pale pale, na kama hakuna anayeadhibiwa kwa kuumia, mtoe. Lakini mwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso, kabla hajaisoma kwenye simu. Kama majibu hayo huna, nyamaza kwanza.

Na usidhani haya ni ya Wamarekani pekee. Kesho utaombwa maoni kuhusu mweka hazina wa chama, kiongozi wa kwaya, ama mwenzako kazini ambaye mwezi huu umemwendea vibaya. Utakuwa na nguvu ya kusema “toa huyo.” Siku nyingine itakuwa zamu yako kusemwa, na utatamani sana aliye mbele yako awe amejiuliza hayo maswali matatu kwanza.

Kwa hivyo Jumapili hii, kipa wenu akichoma tena na grupu liwake, kabla hujaandika chochote muulize jambo moja: “Bro, kidole kiko sawa?”