Kadi ya mtoto ipo, ya bibi je?

Kwenye nyumba nyingi, kadi ya kliniki ya mtoto hutunzwa kama cheti cha kuzaliwa. Mama anajua lini mtoto atachomwa chanjo ya surua. Lakini bibi anayembeba mjukuu huyo kwenda kliniki mara nyingi hana kadi yoyote, na hakuna anayemuuliza.

Pengo hilo ni hatari zaidi kwa mzee anayeishi na Virusi vya Ukimwi (VVU). Dawa za kufubaza virusi (ARV) zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004. Walioanza kuzitumia wakiwa na miaka 40 sasa wamevuka 60. Dawa zimewapa maisha, na maisha yamewaletea uzee.

Umri hupunguza nguvu ya kinga ya mwili, na VVU hushambulia kinga hiyohiyo. Hata kwa anayemeza dawa vizuri, kinga inaweza isirudi kikamilifu, hasa kama alichelewa kuanza. Ndiyo maana nimonia, mafua makali na mkanda wa jeshi vinaweza kumlaza mzee huyu kuliko wenzake.

Kwa nini wanabaki nyuma

Siku ya kuchukua dawa, mazungumzo huwa ni vidonge na kipimo cha wingi wa virusi. Mwenye hali nzuri hupewa dawa za miezi kadhaa, hivyo huonana na mhudumu mara chache.

Wapo wanaohofia kwamba sindano itagongana na ARV. Si kweli, na dawa haziachwi kwa sababu ya chanjo.

Kubwa zaidi ni siri. Chanjo ya Uviko-19 ilipozinduliwa nchini Julai 28, 2021, wenye miaka 50 na zaidi na wenye magonjwa sugu walipewa kipaumbele. Lakini mzee ambaye watoto wake hawajui hali yake anaweza kuona heri akose chanjo kuliko kuulizwa ana ugonjwa gani.

Gharama nayo ipo. Chanjo za mafua na nimonia kwa watu wazima hazimo kwenye ratiba ya kawaida kama za watoto, hivyo anayezitaka mara nyingi hulipia.

Zipi zinafaa

Chanjo zisizo na kirusi hai, kama za Uviko-19, nimonia na mafua ya sindano, zinafaa kwa anayeishi na VVU. Ya homa ya ini B hutanguliwa na kipimo, kwa kuwa wazee wengi walizaliwa kabla haijaanza kutolewa kwa watoto.

Zenye kirusi hai, kama ya homa ya manjano, zinahitaji tahadhari. Mwenye CD4 chini ya 200 hapewi, na aliyevuka miaka 60 aonane na daktari kwanza.

Chanjo hufanya kazi vizuri zaidi virusi vikiwa vimefubazwa, hivyo kumeza dawa kila siku ni sehemu ya maandalizi.

Mzazi, anza hapa

Huhitaji kujua siri ya mzee ili kumsaidia. Usimhoji. Mwambie tu, "Mama, ukienda kliniki, waulize na chanjo za watu wa umri wako." Mpe nauli, na kama ipo, pesa ya chanjo.

Akirudi na karatasi, itunze pamoja na kadi ya mtoto. Usiipekue.