Waya Haung'ai, Gesi Ndiyo Inayong'aa

Msomaji wa Morogoro ameona video ya saa ya mezani yenye chupa sita za kioo, kila moja ikionyesha tarakimu ya rangi ya chungwa. Anauliza: kwa nini mtu alipe zaidi ya dola 100 kwa chupa moja tu?

Hiyo ni Nixie, iliyoingizwa sokoni na kampuni ya Burroughs ya Marekani mwaka 1955. Ndani yake tarakimu za waya, 0 hadi 9, zimepangwa moja nyuma ya nyingine katika gesi ya neoni. Historia naiacha, kinachoninyima usingizi ni ule mwanga.

Wengi hudhani waya unawaka kama wa balbu. La, kinachong'aa ni gesi inayouzunguka. Chukulia waya ni nyumba iliyo kileleni mwa kilima, na elektroni ni mtoto anayeteremka kwa baiskeli isiyo na breki. Mwanzoni hana kasi. Akimgonga muuza maembe, yaani atomu ya neoni, hata hamshtui. Ndiyo maana jirani kabisa na waya pana utepe wa giza. Akishuka zaidi, anamgonga hadi muuzaji anapiga ukelele: ukelele huo ndio mwanga. Akichanganya kasi kabisa, anamwangusha, na embe lake moja linaviringika bondeni. Hapo atomu imepoteza elektroni. Muuzaji aliyepata hasara hanyamazi. Anapanda hadi kwa baba wa mtoto, anabisha mlango kwa nguvu, na watoto wengine wanachomoka na baiskeli zao. Zogo haliishi mradi umeme upo. Na kwa kuwa mwanga ni mnene kuliko waya, tarakimu ya nyuma husomeka kupitia zilizo mbele yake.

Tuiite nini Nixie kwa Kiswahili? "Neli ya tarakimu" inanukia maabara ya shule. "Taa ya namba" inakosea: taa humulika kitu kingine, hii husomwa yenyewe. Mimi naiita kimulinamba, kutokana na kimulimuli, mdudu ambaye mwanga wake nao haumuunguzi. Mtaniambia kimulimuli humetameta. Sibanduki.

LED zilipoenea miaka ya 1970, viwanda vilianza kuacha kutengeneza Nixie, na masalia ya chupa za Kisovieti kama IN-18 yanazidi kupungua. Katika kijiji cha Březolupy, Jamhuri ya Czech, Dalibor Farný amefufua kazi ya kuzitengeneza ndani ya kasri la kale. Ugumu uko pale waya unapopenya kioo: vikisinyaa kwa viwango tofauti wakati wa kupoa, ufa mwembamba unatokea, hewa inaingia, chupa imekufa. Kiwanda kikubwa kilitawanya hasara hiyo kwa maelfu ya chupa. Fundi wa mkono huzibebesha hasara hiyo zile chache zilizopona. Bei ile ya zaidi ya dola 100 ni halali kabisa.

Tazama kimulinamba kwa ubavu dakika inapobadilika: tarakimu mpya haiji pale ilipokuwa ya zamani, husogea mbele au kurudi nyuma ndani ya kioo.