Mtangazaji Aliyeuza Hofu na Dawa
Alex Jones alianza utangazaji mjini Austin, Texas, katika miaka ya 1990, na mwaka 1999 akaanzisha InfoWars. Kwake, karibu kila msiba ulikuwa njama ya wakubwa. Watoto 20 na watu wazima 6 walipouawa katika shule ya Sandy Hook mwaka 2012, alidai kuwa yale yalikuwa maigizo. Wazazi waliofiwa wakatishwa kwa miaka. Mwaka 2022 mabaraza ya mahakama yalimtaka alipe zaidi ya dola bilioni 1.

Chumo lenyewe lilitoka dukani. Kipindi kilimtia msikilizaji hofu, kisha kikamuuzia virutubisho. Aprili 2020, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliionya InfoWars kwa kunadi bidhaa zenye chembechembe za madini ya fedha, ikiwamo dawa ya meno, kuwa kinga au tiba ya UVIKO-19. Madini hayo hayana kazi inayojulikana mwilini. Yakimezwa kwa muda mrefu huigeuza ngozi kuwa ya kijivu-buluu, rangi ambayo kwa kawaida haiondoki. Huweza pia kuzuia ufyonzaji wa thairoksini na baadhi ya antibiotiki. Na mgonjwa aliyeaminishwa kwamba madaktari nao wamo katika njama hataitaja chupa yake asipoulizwa, tena kwa upole.