Kutoka "Dawa ya Usingizi" hadi "Kipokezi": Istilahi za Utafiti wa Melatonini na Uandishi wa Sera za Dawa katika Afrika Mashariki

Ikisiri

Katika Kiswahili cha leo, kirai "dawa ya usingizi" hutumika kwa dawa ambazo hazifanani kwa utendaji wala kwa hatari zake. Makala haya yanaeleza utafiti wa vipokezi vya melatonini, tangu homoni hiyo ilipotambuliwa mwaka 1958 hadi usakaji wa molekuli mpya kwa kompyuta uliochapishwa mwaka 2020. Kisha yanaonyesha mahali ambapo maneno yaliyozoeleka yanaweza kugeuza maana ya kitabibu. Yanahitimisha kwa mapendekezo manne yanayohusu istilahi, vielezo, uandishi wa saa na mpangilio wa orodha za dawa.

1.0 Utangulizi

Gihosha ni mtaa ulio kwenye miinuko ya kaskazini-mashariki mwa Bujumbura, katika tarafa ya Ntahangwa. Kama ilivyo kwingineko jijini humo, mkaazi wake hukutana na lugha nne: Kirundi nyumbani, Kiswahili katika biashara na ujirani, Kifaransa darasani na hospitalini, na Kiingereza katika nyaraka za kikanda. Maelezo ya dawa humfikia kwa Kifaransa au Kiingereza, nayo huishia kufafanuliwa kwa mdomo katika lugha anayoielewa.

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na mwaka huo huo wa uanachama ulifungua njia ya ushirikiano wa kiafya ambao sasa una makao jijini humo, kwani Kamisheni ya Utafiti wa Afya ya Afrika Mashariki ina ofisi zake Bujumbura. Mpango wa kuoanisha usajili wa dawa katika Jumuiya ulizinduliwa mwaka 2012. Mwaka 2021 Wakuu wa Nchi waliidhinisha Kiswahili, pamoja na Kifaransa, kuwa lugha rasmi ya Jumuiya. Kwa hiyo suala la istilahi za dawa si la wanaleksikografia peke yao. Nyaraka za usajili zitakapoandikwa kwa Kiswahili, kila neno litakuwa na nguvu ya kisheria, na mgonjwa ndiye atakayebeba matokeo ya neno lililochaguliwa vibaya.

2.0 Saa ya mwili na vipokezi vyake

Mwaka 1958 Aaron Lerner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, walitangaza kuwa wametenga melatonini kutoka katika tezi za pineali za ng'ombe. Kwa binadamu, tezi hiyo ndogo iliyo ndani ya ubongo hutoa homoni hiyo usiku. Kiwango chake huanza kupanda takriban saa mbili kabla ya wakati wa kawaida wa kulala, hufika kileleni baada ya usiku wa manane, na hushuka kunapopambazuka. Mwanga mkali wa usiku huuzuia mchakato huo.

Anayeiamuru tezi hiyo ni kundi la seli za neva zipatazo 20,000 lililomo katika haipothalamasi, juu kidogo ya mahali neva za macho zinapokutana. Kundi hili ndilo saa kuu ya mwili. Mzunguko wake kwa binadamu huzidi saa 24 kidogo, na mwanga wa mchana huurekebisha kila siku. Mtu asiyeona mwanga kabisa anaweza kukosa marekebisho hayo. Usingizi wake huhama taratibu, wiki hadi wiki, hadi akajikuta akisinzia mchana na kukesha usiku.

Melatonini hufanya kazi inaposhikamana na protini zilizopenya utando wa seli mara saba. Kwa binadamu zipo za aina mbili, MT1 na MT2, ambazo jeni zake zilitambuliwa na maabara ya Steven Reppert mwaka 1994 na 1995. Protini hizi ndizo vipokezi. Molekuli inayoshikamana na kipokezi na kukiongezea utendaji huitwa agonisti. Inayokikalia bila kukitendesha, huku ikiwazuia wengine, huitwa antagonisti. Ipo pia aina ya tatu, agonisti kinyume, ambayo hushusha utendaji wa kipokezi chini ya kiwango chake cha asili.

Kielelezo kilichozoeleka cha kufuli na ufunguo hakitoshi kueleza aina hii ya tatu, kwa sababu kufuli ama limefungwa ama limefunguliwa. Taa ya chemli inafaa zaidi. Utambi huwaka kwa mwanga hafifu hata pasipo mtu kuugusa. Agonisti hupandisha utambi. Antagonisti hushikilia kitasa ili asiwepo wa kukizungusha. Agonisti kinyume huuteremsha utambi hadi taa ikaribie kuzimika.

3.0 Usakaji wa dawa mpya

Dawa kadhaa zimetokana na maarifa haya. Ramelteoni iliidhinishwa Marekani mwaka 2005 kwa wanaopata taabu ya kuanza kulala. Katika Umoja wa Ulaya, melatonini inayotolewa taratibu iliidhinishwa mwaka 2007 kwa watu wenye umri wa miaka 55 na zaidi, na agomelatini iliidhinishwa mwaka 2009 kwa sonona. Inayotumia hii ya mwisho hulazimu ini lipimwe mara kwa mara. Tasimelteoni iliidhinishwa Marekani mwaka 2014 na Ulaya mwaka 2015 kwa ajili ya usingizi unaohama, hasa wa wasioona.

Mwaka 2019 watafiti walichapisha maumbo ya MT1 na MT2 kwa undani wa atomu. Mwaka uliofuata kundi lingine lililowajumuisha Brian Shoichet, Bryan Roth na Margarita Dubocovich lilitumia umbo la MT1 kuzijaribu kwa kompyuta molekuli zaidi ya milioni 150. Molekuli 38 zilizoonekana kufaa ziliundwa na kupimwa katika maabara. Miongoni mwa zilizoendelezwa zilikuwamo agonisti kinyume mbili zinazochagua MT1. Zilipopewa panya wakati wa machweo yao, ziliiwahisha saa ya mwili kwa zaidi ya saa moja, jambo lililotarajiwa kwa agonisti. Panya wasio na MT1 hawakuonyesha badiliko hilo. Basi jina la molekuli katika kiwango cha seli halibashiri moja kwa moja athari yake katika mwili mzima, na istilahi ya Kiswahili haina budi kutenganisha viwango hivyo viwili.

4.0 Mahali maneno yanapopotosha

4.1 "Dawa ya usingizi"

Hospitalini, daktari wa usingizi ndiye anayemtia mgonjwa nusukaputi kabla ya upasuaji, na dawa anayoitumia huitwa dawa ya usingizi. Jina hilo hilo hupewa vidonge vya jamii ya diazepamu, ambavyo hutuliza ubongo, vinaweza kuzoesha mwili hadi kuvitegemea, na huweza kudhoofisha upumuaji, hasa vikichanganywa na pombe au dawa za afyuni. Melatonini na agonisti zake hazifanyi kazi kwa njia hiyo. Kazi yake kubwa ni kuuarifu mwili kwamba usiku umeingia. Ramelteoni, kwa mfano, haimo katika orodha ya dawa zinazodhibitiwa Marekani kwa sababu ya uraibu. Kanuni itakayozungumzia "dawa za usingizi" kwa jumla italegeza udhibiti wa dawa zenye hatari au itabana zisizostahili kubanwa.

Tofauti hiyo haina maana kwamba melatonini ihurumiwe. Marekani huuzwa kama kirutubisho bila cheti cha daktari. Uchunguzi wa bidhaa 31 uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2017 ulikuta viwango halisi vikipungua hadi asilimia 83 chini ya kilichoandikwa kwenye chupa, na kuzidi hadi asilimia 478 juu yake.

Neno "malale" nalo lina somo lake. Limetokana na kitenzi "lala", na humfanya msikilizaji atarajie usingizi mwingi. Kwa kweli mgonjwa wa malale husinzia mchana na kukesha usiku. Kinachovurugika ni mpangilio wa wakati. Utafiti wa panya uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba vimelea vya ugonjwa huo huvuruga saa ya mwili yenyewe. Dawa yake, kama feksinidazoli iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa Kongo, huua vimelea. Ni dawa ya ugonjwa wa usingizi, lakini si dawa ya usingizi.

4.2 "Kichocheo" na "kiamshi"

Neno "kichocheo" tayari lina mizigo miwili: katika kemia hutaja kinachoharakisha mmenyuko, na katika elimu ya afya hutumika kwa maana ya homoni. Likipewa pia maana ya agonisti, sentensi "kichocheo hiki ni kichocheo cha MT1" haitaeleweka. "Kiamshi", kutokana na "amsha", kina kasoro kubwa zaidi: mgonjwa ataambiwa kwamba kiamshi kitamletea usingizi.

4.3 "Kusogeza mbele" na uandishi wa saa

Katika matumizi ya kila siku, mkutano uliosogezwa mbele ni mkutano ulioahirishwa. Mfasiri anayesema kuwa dawa "inasogeza mbele" saa ya mwili, akikusudia kwamba usingizi utakuja mapema, huenda akaeleweka kinyume. Vitenzi "wahisha" na "chelewesha" havina utata huo. Tofauti hii ina uzito, kwa sababu melatonini inayomezwa jioni huiwahisha saa ya mwili, ilhali inayomezwa asubuhi huichelewesha.

Hatari kama hiyo imo katika tarakimu. Kiswahili huhesabu saa kuanzia mapambazuko, na Kirundi vilevile. Kifaransa huanzia usiku wa manane. Karatasi yenye maneno "meza saa 3" itamaanisha saa tatu usiku kwa aliyeikusudia, saa tatu asubuhi kwa aliyeisoma bila maelezo, na saa tisa usiku kwa anayefuata hesabu ya Kifaransa.

Hata hivyo, hesabu ya Kiswahili ina faida ambayo wanasayansi wa saa za mwili wangeitambua mara moja. Katika maabara zao, sifuri ni wakati taa zinapowashwa, na kumi na mbili ni wakati zinapozimwa. Gihosha, iliyo kama nyuzi tatu na nusu kusini mwa ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, na tofauti kati ya mchana mrefu na mfupi haifiki nusu saa. Saa mbili usiku ni saa mbili tangu giza liingie. Kipimo kinachofundishwa kwa taabu kwingineko kimo tayari katika salamu na miadi ya wasemaji wa Kiswahili.

5.0 Mapendekezo na hitimisho

Kwanza, "kipokezi" kisanifiwe, kwa kuwa kimejengwa kwa utaratibu unaofahamika kutokana na "pokea", kama "kizuizi" kutokana na "zuia". Pili, "agonisti", "antagonisti" na "agonisti kinyume" zikubaliwe kama mikopo iliyotoholewa, kwa kuwa wasomi wa Burundi na Kongo waliosoma kwa Kifaransa na wa Kenya, Uganda na Tanzania waliosoma kwa Kiingereza wanaitambua mizizi yake. Mfano wa taa uandamane nazo katika maandishi ya umma. Tatu, athari kwa saa ya mwili ielezwe kwa "kuwahisha" na "kuchelewesha", na kila agizo la kumeza dawa litaje kipindi cha siku pamoja na saa ya tarakimu 24: "saa 3 usiku, yaani 21:00". Nne, orodha za dawa zitenganishe dawa za nusukaputi, vitulizi, virekebisha saa ya mwili na dawa za malale, kila kundi kwa jina lake.

Dawa nyingi zinazolenga MT1 na MT2 bado ziko katika maabara, na huo ndio wakati mwafaka wa kuzitafutia majina. Istilahi ikisubiri hadi vidonge vifike madukani, wauzaji watakuwa wamekwisha kuvibatiza, na jina watakalolichagua linajulikana.