Neno "Nagona" Masikioni mwa Msomaji wa Kusini: Tabaka la Utunzi na Tabaka la Upokezi

Riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, Nagona (1990) na Mzingile (1991), humtatiza msomaji tangu jaladani, kwa kuwa maneno yaliyozipa majina hayaeleweki papo hapo. Hata hivyo, ugumu wake si wa aina moja. Mzingile si neno la kubuni. Ni nusu ya mzingile-mwambiji, yaani njia za kupindapinda zinazompoteza apitaye. Nagona halina asili ya wazi namna hiyo katika Kiswahili Sanifu, na hapo ndipo fasiri hutofautiana.

Kisarufi, umbo hilo laweza kuchanganuliwa kama kitenzi cha nafsi ya kwanza, mfano wa nasema, ila mzizi -gon- haujazoeleka katika Kiswahili Sanifu. Msomaji wa Nachingwea au Ruangwa anazo njia nyingine mbili. Kwanza, amezoea majina ya mahali yanayoanza na Na-: Nachingwea, Naipanga, Nandagala, Namichiga. Kwake, Nagona lasikika kama jina la kijiji. Pili, akiwa mzungumzaji wa Kiyao, -gona ni kulala. Njia hizo zikiunganishwa, huzaliwa "mahali pa usingizi", fasiri inayovutia kwa riwaya yenye mantiki ya ndoto.

Lakini mvuto si ushahidi. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe, mbali na Kusini, na mzizi huo umeenea katika lugha nyingi za Kibantu kwa maana ya kulala au kukoroma. Kufanana na Kiyao, basi, hakuthibitishi chimbuko. Yafaa kutenganisha tabaka la utunzi na tabaka la upokezi. La kwanza lidaiwe pale tu ambapo matini yenyewe yanaliunga mkono, kwa urudiaji wa neno, muktadha wa sentensi na uhusiano wake na taswira nyingine. La pili lithibitishwe kwa wasomaji wenyewe na lugha wanazosomea.

Mtafiti anayeandika kwamba Nagona "maana yake ni usingizini" humtwika mtunzi dai lisilo na ithibati. Anayeifuta fasiri hiyo kabisa huwanyima wasomaji wa Kusini nafasi yao katika riwaya ya Kiswahili. Kauli inayotetewa ni finyu zaidi: neno hilo laweza kusikika hivyo Nachingwea, na usikivu huo ni data ya upokezi.